Kupima mwambatano wa watoto wa miezi 12–15: Hali Ngeni, kadi au dodoso?

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa kupima mwambatano, yaani uhusiano wa kihisia wa mtoto na mama yake. Sampuli ni watoto 60 na mama zao, chumba kimoja, kamera mbili, wakadiriaji wawili. Nichague Hali Ngeni ya Mary Ainsworth (mama hutoka chumbani na kurudi, mtoto akitazamwa), kadi za Waters na Deane (zenye maelezo ya mwenendo, hupangwa kulingana na zinavyomfaa mtoto), au dodoso la mama? Nimepanga kurudia kipimo baada ya wiki mbili ili kuona kama majibu yanatulia.

Mkadiriaji: Dodoso liweke kando, mama anaeleza anavyomwona mwanawe, si mwenendo wenyewe. Kwa umri huo Hali Ngeni ndiyo yenyewe. Ina vipindi 8. Cha kwanza nusu dakika, vingine dakika 3. Wengi hukosea kwa kuhesabu kilio. Kilio peke yake hakisemi kitu! Tazama vipindi vya 5 na 8, mama anaporudi. Anayetaka kubebwa, kisha akibebwa anajipinda na kurusha mwanasesere, huyo anapinga. Anayemtupia mama jicho kisha akageuza mgongo na kuendelea na vitu vyake, anaepuka, na usimwite mtulivu: vipimo vya mapigo ya moyo vimeonyesha watoto wa aina hii wana msongo ndani. Kwa hiyo kamera moja ishike mlango, ya pili uso na mikono ya mtoto.

Bi Takwimu: Dada, hiyo ya wiki mbili iache kabisa. Ainsworth aliijaribu, watoto waliikumbuka hali ile wakafadhaika zaidi, na walioepuka mara ya kwanza wakabadilika. Ungekuwa unapima kumbukumbu ya kuachwa. Uthabiti wa kipimo utafute kwa wakadiriaji: kila mmoja atazame video bila kujua alama za mwenzake, kisha kokotoa kapa, yaani makubaliano baada ya kuondoa yale ya kubahatisha. Asilimia ya makubaliano inadanganya, kwa sababu katika sampuli za kawaida karibu theluthi mbili ni salama, yaani hutulia mama akirudi, na hata anayebahatisha atapatia mara nyingi. Kwako hiyo ni kama watoto 40 salama. 20 waliobaki wagawanye makundi matatu (wanaoepuka, wanaopinga, na wenye mwambatano uliovurugika, yaani wasio na mkakati unaoeleweka mama akirudi), utakuta kundi lina watoto wachache mno kwa uchambuzi. Badala ya makundi, tumia mizani 4 za alama 1–7: kusogelea, kung'ang'ania, kuepuka, kupinga.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Na kadi?

Mkadiriaji: Ni nzuri, ila apange mtazamaji aliyefunzwa, baada ya saa kadhaa nyumbani kwa mtoto; akipanga mama, uhalali unashuka. Kadi 90 huingia mafungu 9, kumi kumi, kisha unapata uwiano wa mpangilio wako na ule wa wataalamu wa mtoto salama wa mfano, kati ya -1 na 1. Haikuambii kama asiye salama anaepuka au anapinga, wala haionyeshi mwambatano uliovurugika. Huo una mizani yake ya alama 1–9, na mkadiriaji asiyefunzwa asiuguse.

Bi Takwimu: Jambo moja zaidi: mtoto akilia kwa nguvu mfululizo, katisha kipindi, mrudishe mama, na uandike sekunde ulipokatisha.