Tarehe 7 Julai: yapi yana undugu, na yapi yamekutana tu kwenye kalenda?

Muulizaji, Tanga

Salaam kwenu nyote. Ninaandaa kipindi kifupi cha redio cha asubuhi, kinachowakumbusha wasikilizaji mambo yaliyowahi kutokea tarehe kama ya siku hiyo. Kwa tarehe 7 Julai nimekusanya kuzaliwa kwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, mwaka 1954, uhuru wa Visiwa vya Solomon mwaka 1978, mabomu ya London ya mwaka 2005, maonesho ya biashara ya Sabasaba, Siku ya Kiswahili Duniani, pamoja na siku za kuzaliwa za mtunzi wa muziki Gustav Mahler (1860), Ringo Starr (1940) na mchezaji wa kriketi Mahendra Singh Dhoni (1981).

Mwaka jana niliyasoma mambo haya yote kwa pumzi moja. Baadaye msikilizaji mmoja aliye Mombasa alinipigia simu, akaniambia kwa uchungu kwamba nimeitaja Sabasaba kana kwamba ni siku ya maonesho tu, ilhali kwao ni siku ambayo watu walipigwa na wengine wakauawa. Maneno yake hayajanitoka moyoni. Nina dakika tatu pekee hewani. Je, mambo haya yana uhusiano wowote? Nianze na lipi?

Mwalimu wa historia, Dar es Salaam

Ndugu yangu, tenganisha kwanza matukio yaliyozaana na yale yaliyokutana kwa bahati. Mahler na Dhoni hawana lolote linalowaunganisha isipokuwa tarehe, na hao sentensi moja inawatosha. Lakini TANU, Sabasaba na Siku ya Kiswahili ni ukoo mmoja, na ukiyasoma kama vitu vitatu mbalimbali utakuwa umemnyima msikilizaji kiini cha habari.

Chimbuko lake ni mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1954, ambapo waasisi 17 walikigeuza chama cha TAA, ambacho Mwalimu Nyerere alikuwa amechaguliwa kukiongoza mwaka uliotangulia, kuwa TANU, chama cha siasa cha kudai uhuru. Ilikuwa siku ya saba ya mwezi wa saba, na jina la Sabasaba likapatikana hapo hapo. TANU ilipoungana na ASP, chama cha Zanzibar, tarehe 5 Februari 1977 na kuzaliwa CCM, sherehe za kuzaliwa kwa chama zilihamia Februari, lakini jina la Sabasaba lilibaki mahali pake. Leo ukimwuliza mtoto wa Temeke Sabasaba ni nini, atakunyooshea kidole kuelekea viwanja vya maonesho, Barabara ya Kilwa.

Kuhusu lugha, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliokaa Paris uliipitisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 23 Novemba 2021, na 7 Julai ilichaguliwa kwa kuwa TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Hili lisimulie kwa utulivu, kwa sababu ndilo lenye uzito. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilihutubiwa kwa lugha moja, na Mwalimu mwenyewe alisimulia kwamba katika safari zake za mikoani alihitaji mkalimani mara chache mno.

Mfasiri, Arusha

Naomba niongeze mambo mawili tu. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulianza kutumika rasmi tarehe 7 Julai 2000. Aidha, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo liliitambua Siku ya Kiswahili tarehe 1 Julai 2024, kwa hiyo usiseme kwamba ni ya UNESCO peke yake.

Msomaji, Nairobi

Huyo msikilizaji wa Mombasa ana haki. Mwezi Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi tarehe 7 Julai. Serikali ilikataa kutoa kibali, na siku tatu kabla ya mkutano wote wawili wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa kijana. Nakumbuka milango ya maduka ikishushwa mchana kweupe, matatu zikipiga honi huku abiria wakitoa vidole viwili dirishani, ishara ya vyama vingi, na baadaye gesi ya machozi iliyotufuata hadi ndani ya nyumba. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa na kufika miji mingine. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Ukisema Sabasaba huku kwetu, mtu wa umri wangu hafikirii mabanda ya biashara hata kidogo.

Muulizaji, Tanga

Nimewaelewa, na ninawashukuru sana. Nitaanza na mkutano wa mwaka 1954, nivuke mpaka niende Kamukunji, kisha nimalizie na Kiswahili. Solomon na London nitazitaja kwa ufupi, na Mahler atapata sentensi yake kabla ya muziki. Namba ya yule msikilizaji bado ninayo. Nitampigia leo jioni nimsomee sehemu ya Kamukunji kabla haijaenda hewani.