Dairekta aliyepitia filamu za ngono akija Dar kuomba kazi, tumpe?

Mleta mada

Wakuu, ubishi huu ulianza kijiweni Sinza kati ya watu wa filamu, ukaisha kwa watu kununiana. Naomba tuuendeleze hapa kwa hoja. Mtu amejenga jina lake Marekani, Ulaya au Japani kwa kuongoza filamu za ngono. Anakuja Dar na ujuzi wake wa kamera, taa na uhariri, anaomba kuongoza bongo movie ya kawaida au kufundisha vijana. Tumpokee au tumfukuze? Kijiweni wengi walisema afukuzwe. Mimi nasema apokelewe, ila ahojiwe kwanza.

La sheria tusilibishanie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inasema anayechapisha ponografia kwa njia ya mtandao atalipa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au atafungwa miaka isiyopungua 7, au vyote viwili. Sisemi ilegezwe. Naongelea kazi aliyoifanya mtu kule ambako ni halali. Na huo uhalali nao ulipiganiwa mahakamani: California walimshtaki Harold Freeman kwa ukuwadi, wakidai kumlipa mwigizaji afanye ngono mbele ya kamera ni kumkuwadia. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo lile ikamfutia hatia.

Wanaosema mtu wa namna hiyo hana sanaa wamtazame Yojiro Takita wa Japani. Miaka ya 1980 alikuwa anaongoza pinku eiga, filamu za ngono za bajeti ndogo, zinazopigwa kwa siku chache. Masharti ya tajiri yalikuwa mepesi: matukio ya kitandani yafikie idadi yake, yaliyobaki fanya utakavyo. Vijana wengi wa kule walijifunzia humo kupanga shoti, kubana bajeti na kumaliza kazi kwa wakati. Mwaka 2009 filamu yake Okuribito, ya mpiga muziki aliyekosa kazi akaishia kuandaa maiti kwa mazishi, ilichukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hata Francis Ford Coppola, kabla hajaongoza The Godfather ya 1972, alianzia kwenye vifilamu vya wanawake watupu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa hiyo nitakachomuuliza mgeni wetu ni jinsi alivyowatendea watu waliosimama mbele ya kamera yake. Marekani anatakiwa awe na kumbukumbu za umri wa kila mwigizaji. Japani, tangu Juni 2022, sheria inataka upite mwezi mmoja kati ya kukabidhiwa mkataba na kupiga picha, kisha miezi minne kabla filamu haijatoka. Ikishatoka, mwigizaji ana mwaka mzima wa kuvunja mkataba bila kudaiwa fidia. Alifuata hayo au alikwepa? Akishanijibu hilo ndipo tuzungumze kazi.

Mdau wa Temeke

Mkuu, umechanganya mambo mawili. Pinku eiga ni ngono ya kuigiza, na Coppola alipiga watu uchi tu. Hao usiwafanye ngao ya anayerekodi tendo lenyewe.

Halafu unaiamini mno karatasi. Kule San Diego kulikuwa na kundi lililowaleta mabinti hotelini, wakasainishwa haraka haraka, wakaahidiwa kwamba video zitauzwa kwa DVD nje ya nchi na hazitaonekana mtandaoni. Zikawekwa mtandaoni. Wengine wakaonwa na wazazi wao na wenzao wa chuo. Januari 2020 jaji akawapa wanawake 22 fidia ya zaidi ya dola milioni 12. Mikataba ilikuwepo, tena yenye saini! Mtu aliyezoea kumlainisha binti mpaka akubali asichokitaka, huo ndio ujuzi atakaokuja kuwafundisha vijana wetu. Mimi nasema hapana.

Mzazi, Ilala

Mimi ni mtu wa dini na sitaki kuficha hilo. Mwanangu anasomea sanaa. Simtaki mwalimu wa aina hiyo karibu naye, hata awe na Oscar tano.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Uamuzi wa mwanao ni wa kwako na yeye, siuingilii.

Ndugu wa Temeke, kesi ya San Diego ndiyo inayonifanya nishikilie ule mwaka mmoja wa Wajapani. Saini ya hotelini inakuwa pingu pale ambapo binti hana njia ya kurudi nyuma. Na mimi sijasema dairekta wa kundi kama lile apewe hata klipubodi. Nimesema ahojiwe, na kuna watakaoanguka kwenye usaili huo. Candida Royalle, mwigizaji aliyefungua kampuni yake New York mwaka 1984 ili filamu hizi zitengenezwe kwa jicho la mwanamke, simuweki kapu moja na wale matapeli.

Dada wa Mwananyamala, mwigizaji

Naomba nisikilizwe, maana nyote mnaongelea mgeni ambaye hata hajafika.

Mimi nimeigiza kwenye nyumba ya kukodi Mbezi Beach. Skripti nilipewa asubuhi ile ile nikiwa nasukwa. Nikafungua, nikakuta tukio la chumbani, kanga moja, na mwanaume ambaye sikuwa hata nalijua jina lake. Mkataba hakuna. Nikasema sitaki, nikaambiwa gari limeshalipwa, watu wote wanakusubiri wewe. Dairekta wetu huyo hajawahi kugusa filamu ya ngono maishani, na watu wanamwita mlezi wa vipaji.

Rushwa ya ngono ni kosa tangu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Nionyesheni msichana wa kambini anayekijua kifungu hicho. Na hao wanaopiga kelele za maadili, usiku ndio wa kwanza kuandika "tumeni koneksheni", yaani video za ngono zilizovuja, kwenye makundi ya simu, bila kujiuliza kama yule dada aliyevujishiwa video aliridhia.

Huyo dairekta akija, mimi sitamkimbia wala sitampigia makofi. Nitamuuliza: kwenye seti yako, mwigizaji akisema "kata", kamera ilizimwa? Na swali hilo hilo nataka aulizwe kila dairekta wa hapa Dar kabla hajapewa kibali cha filamu nyingine. Mleta mada, wewe uko kwenye uongozi wa seti. Kwako inazimwa?

Mleta mada

Dada, kwangu inazimwa, ila haijaandikwa popote. Kwenye mkataba wa filamu ninayoanza kupiga itaandikwa, pamoja na sharti la skripti kumfikia mwigizaji wiki moja kabla. Nitaubandika hapa, uusome wewe wa kwanza.