Blogu ya darasa: maoni yote ni "kazi nzuri"

Swali: Walimu wenzangu, nina blogu ya somo la maarifa ya jamii, wanafunzi 40. Nifanyeje wajadiliane kweli?

Jibu: Angalia maswali unayouliza. "Taja vyanzo vya maji" lina jibu moja. Wa kwanza akishajibu, wengine wananakili. Weka ramani ya zamani, uliza: aliyeichora alitaka nini, na kipi hakukionyesha? Hapo watabishana.

Jibu: Naunga mkono. Wagawe watano watano. Kundi moja liandike, mengine yanukuu sentensi moja na kuipinga au kuiongezea ushahidi. Wasio na kifaa waandike daftarini, mwenzao awachapie.

Jibu: Tafadhali, hakiki maoni kabla hayajaonekana. Majina ya kwanza tu, bila picha za watoto.