Naomba ushauri: kipokezi cha OpenVLC kinazidiwa na mwanga wa mchana

Ndugu wataalamu, habari zenu. Nina BeagleBone Black mbili (kompyuta ndogo za bodi moja) zenye OpenVLC, mfumo huria wa kutuma data kwa mwanga wa LED; umbali wa mita 2, LED nyeupe ya wati 1. Usiku iperf (programu ya kupima kasi ya mtandao) inatulia. Mchana hapa Kampala, pazia likifunguliwa tu, pakiti zinapotea zote.

Sehemu ya kupokea mwanga nimeiunda upya: fotodiodi ya BPW34 (inageuza mwanga kuwa mkondo wa umeme) na opampu (kikuza ishara) ya volti 5, rezista ya mrejesho kiloomu 100. Kwa hesabu hiyo mikroampea 50 zinatosha kuijaza opampu, yaani kuifikisha kikomo chake cha volti 5, na kweli osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) inaonyesha mstari ulioganda juu. Nimeshusha rezista hadi kiloomu 10: haijai tena, ila ishara inamezwa na kelele. Kapasita baada ya opampu imeondoa mawimbi ya hezi 100 ya taa za darasani, lakini kwa jua haisaidii, maana opampu imeshajaa kabla ya kapasita.

Maswali mawili. Je, nitumie opampu ya pili kuvuta mkondo wa jua pale kwenye fotodiodi, bila kuharibu usimbaji wa Manchester (namna biti zinavyowekwa kwenye mwanga)? Au nibadili tu niweke fotodiodi ya BPW21, isiyoona infraredi (mwanga wa jua usioonekana kwa macho), ingawa ni ghali?