Tupeane uzoefu: bembea uliyoipenda ilipong'olewa kupisha mpya, ulikosa nini hasa?

Mwanzisha mada

Wapenzi wenzangu wa bustani za burudani, tumebishana vya kutosha kuhusu bembea mpya kuchukua nafasi ya zile za zamani, na ubishi wetu huishia pale pale, kwa kuwa kila mmoja hutetea ile aliyoipanda akiwa na miaka tisa. Safari hii naomba tuweke misimamo pembeni tulete visa. Eleza ulipanda nini, kikaondolewa, ukapanda kilichofuata au ukakisusa, kisha useme ni kitu gani hasa ulichokikosa. Neno bembea nalitumia kwa upana wake: mashua za gizani, vigari vya reli, rolakosta (treni za kasi zinazopanda na kuporomoka kwenye reli), vyote vimo.

Naanza mwenyewe. Pale Epcot, bustani ya Disney huko Florida, katika banda la Norwei, kulikuwa na safari ya mashua iliyoitwa Maelstrom, iliyofunguliwa mwaka 1988. Mashua ilipandishwa gizani, ikapita kwa Waviking, ikafika kwa mazimwi ambayo yaliifukuza hata ikarudi kinyumenyume, kisha ikageuka na kutumbukia katika bahari ya dhoruba penye mtambo wa kuchimba mafuta. Ilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2016 pakafunguliwa pale pale Frozen Ever After, safari ya filamu ya katuni ya Frozen. Niliapa kwamba sitaipanda. Kiapo kilivunjwa na mpwa wangu wa miaka sita, aliyenishika kidole na kunivuta hadi mwisho wa foleni.

Tulipofika pale ambapo mashua hurudi nyuma, mgongo wangu ulijikaza kabla sijajua kwa nini. Waliobadilisha hadithi waliiacha njia ya maji kama ilivyokuwa, hivyo mwili wangu uliijua kona ambayo macho hayakuitambua. Mpwa wangu alikuwa akiimba, nami nilikuwa nikimsubiri zimwi asiyekuja. Kwa hiyo sikuikosa safari, maana safari ipo. Nilichokosa ni Norwei yenyewe, nchi ya kweli yenye kijiji cha wavuvi na mafuta yake, ambayo iliupisha ufalme wa kubuni wa filamu hiyo. Wenzangu, endeleeni.

Mchangiaji wa 1, mama wa watoto watatu

Kisa changu kinahusu sentimita. Bustani tuliyokuwa tukienda, ambayo sitaitaja, ilikuwa na vigari vya gizani vilivyokwenda polepole kati ya vinyago na taa za rangi. Nakiri kwamba vinyago vilikuwa vimechakaa, na mmoja wao alikuwa hana mkono. Hata hivyo, behewa moja lilitutosha mama yangu, mimi na watoto wote watatu, na tulitoka tukiwa tunacheka kitu kimoja.

Vikang'olewa, ikajengwa rolakosta nzuri sana, ambayo asiyefika sentimita 120 haruhusiwi kupanda. Siku tuliyokwenda, mwanangu wa pili alisimama kwenye kipimo akanyanyua visigino. Kijana wa getini alichuchumaa, akamwomba kwa upole ashushe viatu chini, na fimbo ya kipimo ikabaki juu ya nywele zake ikiwa na nafasi ya vidole viwili. Hakulia. Alikwenda kukaa na bibi yake kwenye benchi, na kuanzia siku hiyo familia yetu huenda katika bustani ile kwa zamu: wawili wanapanda, watatu wanashika mikoba.

Sina ugomvi na bembea mpya. Ninachouliza ni kwa nini inayoondolewa iwe ile pekee ambayo mtoto na bibi waliweza kupanda pamoja, wakati kuna rolakosta nyingine tatu zinazofanana.

Mchangiaji wa 2, fundi mstaafu wa matengenezo

Mama hapo juu amegusa jambo la kweli, lakini naomba niseme kutoka upande wa chini ya reli, ambako mashabiki hawafiki.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye rolakosta ya mbao. Reli yake si mbao moja. Ni tabaka za mbao zilizopangwa na kugongomelewa juu kwa juu, na juu kabisa umelazwa ukanda wa chuma ambao magurudumu hupita. Kila asubuhi kabla ya kufungua tuliitembea njia nzima kwa miguu, nyundo mkononi, tukisikiliza. Bolti iliyolegea hutoa mlio wa kubwata, na mbao iliyoanza kuoza huitikia nyundo kama mtu aliyefunikwa blanketi. Jua huikausha mbao ikasinyaa, mvua huivimbisha, na treni ile ile ya asubuhi huwa na kasi zaidi ifikapo jioni kwa sababu grisi imepata joto. Tulibadilisha kipande leo, kingine mwezi ujao, na baada ya miaka kadhaa sikuweza kukuonyesha ubao hata mmoja uliokuwapo siku ya ufunguzi. Mnapolilia cha zamani, mara nyingi mnalilia umbo, kwa kuwa mbao mliyoipanda utotoni ilikwisha kuwa kuni.

Za chuma zina ugonjwa wake. Mfumo wa kuiendesha bembea ukiwa wa kizazi kilichopita, na kiwanda kilichoutengeneza kikawa kimefungwa, kipuri kimoja kinaweza kuifungia bembea nzima msimu mzima huku tukikichonga wenyewe. Ikifika hapo, mhasibu hahitaji kuichukia historia ili aseme basi.

Mchangiaji wa 3

Nilipanda rolakosta ya Kingda Ka, New Jersey, mara nne. Ilifunguliwa mwaka 2005, ikiwa na mita 139 kwenda juu na kasi ya kilomita 206 kwa saa. Kilichonivuta ni ile nafasi ndogo kwamba treni ingekosa nguvu ya kuvuka kilele na kurudi ilikotoka. Watu walipanda wakiomba litokee. Ililipuliwa kwa baruti mwezi Februari 2025. Niliangalia video mara moja tu. Sikuomba ibaki, kwa sababu sikuwahi kuipenda kama mahali. Niliipenda kama rekodi, na rekodi huvunjwa.

Mchangiaji wa 4

Nashangaa hakuna aliyetaja njia ya katikati, ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote. Huko Cedar Point, Ohio, rolakosta ya mbao ya mwaka 1991 iliyoitwa Mean Streak haikubomolewa yote. Sehemu kubwa ya kiunzi chake cha mbao ilitumika tena, ikawekewa reli ya chuma, na mwaka 2018 ikafunguliwa kwa jina la Steel Vengeance. Nilikwenda nikiwa na mashaka, nikatoka nimepoteza sauti. Inapinduka kichwa chini miguu juu ndani ya msitu wa boriti, jambo ambalo reli ya mbao ya zamani isingethubutu.

Alton Towers, Uingereza, walikwenda njia nyingine. Nemesis ya mwaka 1994 ilifungwa mwishoni mwa 2022, sehemu kubwa ya reli na nguzo ikabadilishwa, na mwaka 2024 ikarudi ikiwa na mapito yale yale ndani ya korongo lile lile. Mtu anayesema kwamba ni lazima tuchague kati ya kumbukumbu na usalama hajakaa kwenye kiti cha mbele cha ile treni.

Mchangiaji wa 2, fundi mstaafu

Ndugu yangu wa 4, nakubali kwa Nemesis. Kwa Steel Vengeance, hapana. Ni chombo kizuri, lakini si kile cha awali kilichokarabatiwa. Ni kipya kilichovaa mifupa ya marehemu. Rolakosta ya mbao huyumba, hunguruma, na kila safari hutofautiana kidogo na iliyotangulia. Ukiipa reli ya chuma umeiponya kwa kuiondolea tabia yake. Huenda ilistahili, ila tusiite kuhifadhi.

Mchangiaji wa 5

Naomba nilete kisa kisichokaa vizuri kwenye mizani ya zamani na mpya. Splash Mountain ya bustani za Disney nilikuwa nikiipenda sana: gogo linaloelea, nyimbo, kisha poromoko la mwisho linalokulowanisha hadi soksi. Wahusika wake walitoka katika filamu ya mwaka 1946 ambayo imelaumiwa kwa muda mrefu kwa jinsi ilivyowachora watu weusi, na mimi, mtu mweusi, nilikuwa nimepanda mara kadhaa bila kulijua hilo. Nilipolijua, nilipanda mara moja zaidi na nyimbo zikanikwama masikioni.

Mabadiliko yalitangazwa mwaka 2020, bembea zote mbili za jina hilo zilizokuwa Marekani zikafungwa mwaka 2023, na mwaka 2024 ikaja Tiana's Bayou Adventure, ya Tiana, binti mfalme mweusi wa filamu ya katuni ya Disney. Poromoko ni lile lile, maji ni yale yale. Wako mashabiki waliosema hadithi mpya imepungukiwa na hofu, kwamba zamani ulitishwa kabla ya kuanguka na sasa unaalikwa kwenye sherehe, na kama hoja ya usimulizi naiona ina uzito. Lakini binti yangu alimnyooshea Tiana kidole na kusema, "Anafanana na shangazi." Sijui niiweke wapi hiyo kwenye ubishi wetu wa kila siku.

Mchangiaji wa 6

Kwa wanaodhani malalamiko ya mashabiki ni upepo tu, wakumbuke mambo mawili.

La kwanza ni safari ya vigari ya Mr. Toad's Wild Ride pale Magic Kingdom, bustani ya Disney huko Florida, iliyofungwa mwaka 1998. Mashabiki walijipanga kupitia intaneti, wakavaa fulana, wakaenda ndani ya bustani kupinga kwa amani, na wakashindwa. Mwaka uliofuata pakafunguliwa safari ya Winnie the Pooh. Walichoambulia ni picha ndani ya safari hiyo mpya, ambamo Toad, mhusika wa safari ya zamani, anamkabidhi Bundi, mhusika wa hadithi za Winnie the Pooh, hati ya nyumba. Mimi huiangalia kila nipitapo, na huwa siamui kama ni heshima au ni kejeli.

La pili ni rolakosta ya Cyclone ya Coney Island, ya mwaka 1927. Miaka ya 1970 jiji la New York lilitaka kuibomoa ili lipanue jumba la samaki lililo jirani. Watu walikataa, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 1975, na mwaka 1988 ikatambuliwa rasmi kuwa alama ya kihistoria ya jiji. Kuna hata rolakosta iliyohamishwa: Phoenix ya Knoebels, Pennsylvania, ilikuwa ikiitwa Rocket huko San Antonio, Texas. Bustani yake ilipofungwa, ikang'olewa ubao kwa ubao, kila ubao ukapewa namba kwa kuwa michoro haikuwapo, na mwaka 1985 ikasimama upya. Nimeipanda. Inakunyanyua kitini kana kwamba imekuja mbali kwa ajili hiyo tu.

Mchangiaji wa 1, mama wa watoto watatu

Nimefurahi kusikia habari za Phoenix. Nataka nimuulize fundi: ule mlio wa ta-ta-ta-ta wakati treni inapandishwa mlimani, mbona kwenye bembea nyingi mpya haupo? Mama yangu huniuliza, kwa sababu ndio uliokuwa ukimfanya ashike sala.

Mchangiaji wa 2, fundi mstaafu

Mama, ule mlio ni wa jino la chuma lililo chini ya behewa, linalodondokea katika ngazi za chuma kando ya mnyororo ili treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika. Kila ta ni ngazi moja iliyopitwa. Bembea nyingi za sasa hazina mnyororo kabisa, na nyingine zimewekewa kifaa kinacholishikilia jino juu wakati wa kupanda na kuliachia pale tu treni inaposita, kwa hiyo zinapanda kimya na usalama ni ule ule.

Ile niliyoitunza ilibomolewa mwaka niliostaafu. Niliomba jino moja nikapewa, nami hulitumia kuzuia mlango wa chumba cha zana usijifunge. Mwambie bibi kwamba likianguka sakafuni bado linalia vile vile.