Wi-Fi ya umma: mnambana anayegawa, mnamwacha anayeuza kwa jumla

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Someni mpaka mwisho kabla hamjaniambia "ni bure, unalalamikia nini", maana hiyo hoja nimeichoka. Si bure. Kuna mtu amelipa, na mara nyingi ni sisi wenyewe kupitia kodi.

Wimbo ni uleule kila mahali. Kiongozi anasimama mbele ya kamera, anakata utepe, nyuma yake bango limeandikwa "Wi-Fi ya Bure kwa Wananchi", anataja maelfu ya vituo vitakavyofungwa, makofi yanapigwa. Rudi pale baada ya miezi michache. Bango lipo. Kisanduku kipo juu ya nguzo na kitaa chake kinawaka. Simu inaliona jina la mtandao, inaunganika vizuri kabisa, alama zote zimejaa. Sasa fungua ukurasa: inazunguka, inazunguka, inazunguka. Ukimuuliza mhusika anakujibu "mtandao upo, labda simu yako". Simu yangu!

Na ikitokea siku kina uhai, unaletewa ukurasa wa kuingilia. Jina kamili, namba ya simu, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa. Wengine wanataka na jinsia, sijui ruta (hicho kisanduku) inatafuta mchumba. Halafu uweke tiki kwamba umekubali taarifa zako zipewe "washirika wetu", ambao hawatajwi popote. Ukimaliza, unatumiwa namba ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi. Asiye na laini ya simu, au ambaye laini yake imefungwa, huyo ndiye aliyeihitaji huduma kuliko sisi wote, na ndiye anayekwama hapohapo mlangoni. Aliyebuni utaratibu huu alikaa na nani kabla ya kuubuni?

Lakini kero ya ukurasa ni cha mtoto. Kinachoniudhi zaidi ni kanuni zenyewe zinavyoandikwa.

Wi-Fi haitengenezi intaneti. Inagawa tu kile kilichofika pale kwa waya wa faiba, kwa mnara au kwa setilaiti. Ukiweka laini ya intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde mahali ambapo watu 200 wanaitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja anaambulia kilobiti 100, yaani sehemu ya kumi ya megabiti moja, na hapo hujatoa kinachopotea njiani kwa sababu ruta zinaingiliana. Hata ukipaka kisanduku rangi ya bendera, hesabu ni hiyohiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mradi wowote lilipaswa kuwa: laini inayoingia nyuma ya kisanduku ina ukubwa gani, inauzwa bei gani, na nani ataendelea kuilipia utepe ukishakatwa? Nendeni mkasome matangazo ya miradi hii. Mtakuta idadi ya vituo. Hamtakuta ukubwa wa laini.

Mfano mzuri wa jinsi jambo hili linavyoweza kubuniwa kwa akili na bado likakwama ni India. Mdhibiti wao wa mawasiliano, TRAI, alitoa mapendekezo mwaka 2017 ya kusambaza brodibandi (intaneti ya kasi) kwa kutumia Wi-Fi ya umma. Desemba 2020 baraza la mawaziri likapitisha mpango unaoitwa PM-WANI. Kwenye karatasi, ni safi. Mtu yeyote mwenye kibanda, hoteli au ofisi anaweza kuwa kituo cha kugawa intaneti: hahitaji leseni, halipi ada, hata kujisajili serikalini haimlazimu. Yuko mkusanyaji juu yake anayeshughulikia uthibitishaji wa watumiaji na hesabu, na huyo ndiye anayesajiliwa. Kuna programu ya simu ya kutafutia vituo, na kuna rejista moja ya kitaifa. Nilipousoma mara ya kwanza nilisema hawa wameelewa: mdogo mwachieni apumue, sajilini mkubwa.

Sera yao ya mawasiliano ya mwaka 2018 ilikuwa imejiwekea lengo la vituo milioni 10 ifikapo 2022. Hawakukaribia. Sababu zipo kadhaa, lakini mojawapo mdhibiti mwenyewe aliikiri baadaye: kampuni za mawasiliano zilikuwa zikimtaka mgawaji mdogo anunue laini maalumu ya kibiashara, ile ya bei ya mashirika makubwa, badala ya faiba ya kawaida inayouzwa majumbani. Yaani sheria imemfungulia mlango, halafu anayemuuzia bidhaa amekaa kwenye kizingiti. Ilibidi ifike Juni 2025 ndipo TRAI akatoa amri ya bei: kwa vifurushi vya faiba hadi megabiti 200, mgawaji mdogo asitozwe zaidi ya mara mbili ya bei anayolipa mteja wa nyumbani. Zaidi ya miaka minne baada ya uzinduzi! Na jambo lenyewe lilikuwa la kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kila nchi inayotaka kuiga inaiga jina, nembo na programu ya simu. Ile amri ya bei hakuna anayeitaja, kwa sababu inawagusa wakubwa.

Wadogo sasa, hao ndio wanaokamuliwa. Italia ilipitisha amri mwaka 2005, maarufu kwa jina la waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Pisanu, iliyomlazimu anayetoa intaneti mahali pa umma kutambua kila mteja kwa kitambulisho na kutunza kumbukumbu. Mwenye mkahawa akageuzwa karani wa polisi. Wengi walizima tu, na nani awalaumu? Sharti hilo liliondolewa kuanzia 2011. Ujerumani nako, mwenye mtandao alikuwa anaweza kufuatwa kwa sababu ya kosa la mgeni aliyepakua wimbo kwa wizi. Bwana Tobias McFadden, mfanyabiashara wa vifaa vya taa na sauti karibu na Munich, aliacha Wi-Fi yake wazi, akajikuta anavutana na kampuni ya muziki mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Septemba 2016 mahakama ikasema hatalipa fidia kwa kosa la mwingine, ila anaweza kuamriwa aweke neno la siri na kutaka watumiaji wajitambulishe. Mwaka uliofuata Ujerumani ikabidi ibadilishe sheria yake ili watu waache kuogopa kugawa. Nchi tajiri, yenye viwanda vya kila aina, mikahawa yake ilikuwa inaogopa kuwasha ruta.

Wanaoandika rasimu za kanuni leo, miaka yote hii baadaye, bado wananakili ileile ya Italia: sajili kila mtumiaji, tunza kumbukumbu, faini kubwa. Hakuna aliyewauliza kumbukumbu hizo zitatunzwa wapi na mwenye saluni ambaye hata neno la siri la ruta yake hajawahi kulibadilisha.

Halafu kuna wale wa "matangazo yatalipia". New York walianza LinkNYC mwaka 2016, vibanda vyenye skrini vilivyochukua nafasi ya simu za mitaani, Wi-Fi ya kasi na ya bure, gharama inarudi kwa matangazo. Kasi kweli ilikuwepo, nisiwadhulumu. Ila tangazo linafuata mwenye pesa. Ukaguzi wa mdhibiti wa hesabu wa jimbo mwaka 2021 ulionyesha vibanda vimerundikana Manhattan huku mitaa yenye uhitaji mkubwa ikisubiri, na kampuni iliyopewa kazi ilikuwa imelimbikiza deni la makumi ya mamilioni ya dola kwa jiji. Kama mkataba haukusema wazi kwamba kituo cha pembezoni kinatangulia kile cha katikati, kitakuja mwisho, au hakitakuja.

Umoja wa Ulaya wenyewe walijaribu njia nyingine, WiFi4EU: manispaa ilipewa hati ya malipo ya euro 15,000, na masharti yake yananifurahisha kidogo. Bila matangazo, bila kuvuna taarifa za watu kwa biashara, na huduma idumu angalau miaka mitatu. Hayo masharti mawili ya mwanzo nayataka kila mahali, leo, si kesho. Lakini tazameni fedha zililipia nini: vifaa na ufungaji. Bili ya laini ya kila mwezi ilikuwa juu ya manispaa. Tumerudi palepale.

Na msiniambie fedha za laini hazipo. Nchi nyingi zina mifuko ya mawasiliano kwa wote, inayochangiwa na kampuni za simu kwa asilimia ya mapato yao, kwa kazi hiihii ya kufikisha huduma pasipo na faida. Mwaka 2018 Alliance for Affordable Internet na World Wide Web Foundation walichunguza mifuko ya nchi kadhaa za Afrika wakakuta zaidi ya dola milioni 400 zimelala bila kutumika. Zimelala! Huku shule iliyo na kisanduku kipya ukutani inakatiwa laini kwa kukosa malipo.

Suala la masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo Wi-Fi inapitia, nitalipitia haraka. Wi-Fi iliweza kuenea kwa sababu bendi (vipande vya masafa) za gigahezi 2.4 na 5 zinatumika bila leseni. Mwaka 2020 Marekani iliongeza megahezi 1,200 kwenye bendi ya gigahezi 6. Ulaya mwaka 2021 ikafungulia Wi-Fi kipande cha chini tu cha bendi hiyo, na mkutano wa dunia wa redio wa Dubai mwaka 2023 ukatambua kipande cha juu kwa simu za mkononi kwa Ulaya, Afrika na nchi za Kiarabu. Kama mdhibiti wenu bado hajafungua hata hicho cha chini, muulizeni anasubiri nini. Basi, kwa leo inatosha.

Ninachotaka si kigumu. Mgawaji mdogo auziwe laini kwa bei isiyozidi kiasi kilichotajwa kwenye kanuni, na atakayemkatalia apigwe faini yeye. Asibebeshwe kosa la mgeni. Ukurasa wa kuingilia uwe wa kubofya mara moja, au usiwepo. Fedha za mfuko zilipe bili ya mwezi, zisiishie kwenye nguzo na kisanduku. Na kila kituo kilichojengwa kwa fedha ya umma kipimwe kwa mashine, kasi na saa ilizokuwa hewani ziwekwe wazi, mtu yeyote azione. Kituo kilichokufa kisihesabiwe. Hilo la mwisho ndilo watakalolipinga zaidi, nyie subirini.

NYONGEZA: Naona majibu yanamiminika, nijibu mawili.

Mdau anasema bando limeshuka bei, Wi-Fi ya umma imepitwa na wakati, na anatoa mfano wa Google Station, ile huduma ya Wi-Fi ya bure ya Google. Kweli, Google waliingia kwenye zaidi ya stesheni 400 za reli India, na mwaka 2020 wakatangaza kufunga wakisema data ya simu imekuwa nafuu. Ila hukumalizia, mkuu: RailTel, shirika la mawasiliano la reli ya India, liliendelea na huduma katika stesheni zile. Google alikuwa na biashara nyingine za kufanya, abiria hakuwa na pengine pa kwenda. Pia jaribu kusasisha kompyuta ya darasa zima kwa bando la simu kisha urudi hapa tuongee. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilikadiria watu bilioni 2.6 walikuwa nje ya intaneti mwaka 2024. Hao "wamepitwa na wakati" gani?

Mwingine anasema Wi-Fi ya umma ni ya wezi, utaibiwa benki yako. Hatari ipo, hasa mtandao wa uongo wenye jina linalofanana na la kweli. Lakini onyo lako ni la zamani: tovuti karibu zote zinazoshika fedha sasa zinasimba mawasiliano (zinayageuza mafumbo asiyoweza kuyasoma mwizi) kuanzia kwenye simu yako mpaka kwenye seva yao, na tangu 2018 kuna viwango vya kusimba hata mtandao usio na neno la siri, ruta ikiwa inavikubali. Vyuo vikuu navyo vina eduroam, mtandao wao wa pamoja wa Wi-Fi, zaidi ya miaka 20: mwanafunzi anaunganika chuo cha nchi nyingine kwa akaunti ya kwao, salama, bila kujaza fomu ya mtu yeyote. Kwa hiyo inawezekana. Andikeni viwango hivyo kwenye zabuni, mwacheni mwananchi na tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa naomba waliowahi kuomba kibali cha kugawa au kuuza tena intaneti waweke hapa walichoandikiwa: mkataba wa laini yenu una kifungu kinachokataza kugawa? Mlidaiwa bei ya nyumbani au ya shirika? Futeni majina, wekeni kifungu chenyewe.