Mrejesho: nimemaliza tiba ya iodini ya mionzi

Wakuu, niliwauliza namna ya kujiandaa na iodini ya mionzi (dawa ya kuua mabaki ya tezi) baada ya kutolewa tezi ya shingo kwa saratani. Asanteni mno.

Kabla ya dozi niliacha vyenye iodini: chumvi yenye madini joto, vyakula vya baharini na maziwa. Mkate ndio ulinisumbua, maana hujui umetiwa chumvi gani. Baada ya dozi mwili unatoa mionzi, hivyo nikajitenga: maji kwa wingi, choo naflashi mara mbili. Mwanangu akiniita mlangoni namjibu kwa mbali. Hapo niliumia kweli.

Picha ya mwili mzima imeonyesha iodini shingoni tu, kwingine hakuna, yaani haikuonekana dalili ya saratani kusambaa.

Kilichogoma ni mate. Licha ya pipi za ndimu mlizonishauri ili kuchochea mate, tezi za mate za chini ya taya zilivimba. Kukanda kwa taulo la uvuguvugu kumepunguza uvimbe, ila mdomo bado mkavu.